Zima Sabufa Saa Nne

Kwa kila kaya

Mama mmoja alimleta mwanawe wa darasa la pili katika kituo chetu cha afya. Mwalimu kalalamika: mtoto anasinzia tangu kipindi cha kwanza. Alikwishapimwa malaria mara mbili, akapewa na dawa za minyoo. Nikauliza analala wapi. Pale sebuleni, godoro limegusana na sabufa, na sabufa huzimwa baba akirudi, saa sita au saa saba. Mtoto hakuwa na ugonjwa. Alikosa usingizi. Nimechoka kuwaona watoto wa namna hii wakichomwa sindano bure.

Zima sabufa saa nne usiku.

Kiasi kinachofaa

Sauti hupimwa kwa desibeli. Mnong'ono ni kama 30, maongezi ya kawaida kama 60. Shirika la Afya Duniani lilielekeza mwaka 1999 kwamba katika chumba cha kulala kelele zisizidi desibeli 30 kwa wastani, na mshindo wa ghafla usipite 45. Darasani ni 35. Uani mchana, 55.

Huna kipimo? Simama na mwenzako umbali wa mkono mmoja. Ukilazimika kupaza sauti ndipo akusikie, mmeshafika kama 85.

Kupunguza sauti hakutoshi ikiwa mtoto analala chumba hichohicho. Hata akilala chumba kingine, mdundo wa sabufa hupenya ukuta na mlango. Zima.

Jenereta

Likae nje, mbali na madirisha. Kelele zake huzuia usingizi, na moshi wake unaua.

Harusi, ngoma na vigodoro

Hapa ndipo masikio yanapoharibika. Sauti ya desibeli 80 mtu aweza kukaa nayo saa 40 kwa wiki. Ikifika 100, zimebaki kama dakika 20 tu kwa wiki nzima, na sherehe moja huzimaliza kabla wali haujapakuliwa. Mtoto asisimame mbele ya spika. Usicheze mbele ya spika na mtoto mgongoni. Pamba masikioni haikingi. Masikio yakivuma baada ya sherehe, yameumizwa: usitie mafuta, usichokoe kwa njiti, njoo kituoni. Usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi, wala hatuna dawa ya kuurudisha. Ukirudi nyumbani umechangamka, usiwashe sabufa tena. Watoto wamelala.

Baa au jirani akizidisha

Mwendee mchana, kwa upole, si usiku mkiwa na hasira. Asiposikia, nenda kwa mjumbe, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa afisa mazingira wa halmashauri. Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu mwaka 2015, na NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, hupokea malalamiko. Lakini kabla hujamshtaki mwenye baa, sogeza godoro la mwanao.

Usiku wa leo

Saa nne ikifika, chomoa waya wa sabufa ukutani. Kama chumba ni kimoja tu na baba anataka taarifa ya habari, asikilize kwa simu, barazani.