Uliza Siasa za Mahali Kabla ya Kufunga Begi: Mwongozo wa Usalama Papua Guinea Mpya

Mtu akipangiwa kazi Papua Guinea Mpya, iwe ni katika hospitali ya misheni, mgodini au kwenye shirika la misaada, watu humtisha kwanza kwa habari za wezi wa Port Moresby. Anaambiwa juu ya magenge ya raskol, vijana wanaosimamisha magari kwa mapanga na magobole. Habari hizo ni za kweli na hazifai kupuuzwa, ila ukishika hizo peke yake utakwenda umejiandaa nusu. Nchini humo usalama wa mtu unafungamana mno na siasa za pale alipo: mbunge katoka ukoo gani, nani kashindwa na hajakubali, dia ya nani haijalipwa, mishahara ya askari imetoka au haijatoka. Ninaandika mwongozo huu kwa sababu maswali hayo ndiyo yasiyoulizwa, na ndiyo yanayookoa maisha.

Serikali iko mbali

Nchi hii ilipata uhuru kutoka kwa Australia tarehe 16 Septemba 1975. Ni nusu ya mashariki ya kisiwa kikubwa cha New Guinea pamoja na visiwa vingi vya kando. Ina watu zaidi ya milioni 10 na lugha zaidi ya 800. Sokoni na mitaani watu huelewana kwa Tok Pisin. Mgeni aanze kujifunza lugha hiyo angali kwao, kwa kuwa anayesalimia kwa lugha ya watu husikilizwa hata anapokosea.

Mji mkuu, Port Moresby, hauna barabara ya kuuunganisha na Lae wala na nyanda za juu. Kwenda huko ni kwa ndege au meli. Barabara kuu ya nyanda za juu huanzia Lae, mji wa bandari, ikapanda hadi Goroka, Kundiawa na Mount Hagen, kisha ikagawanyika: tawi moja kuelekea Mendi na Tari, jingine Wabag na Porgera. Ikikatwa na maporomoko ya ardhi au kufungwa na watu wenye madai, mikoa kadhaa huanza kukosa mafuta, dawa na bidhaa za dukani. Polisi nao ni wachache kwa nchi ya milima na visiwa kiasi hicho. Kwa hiyo katika vijiji vingi mwananchi hamtegemei askari. Anautegemea ukoo wake, kanisa lake na mahakama ya kijiji, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973 ili watu wa mahali waamue kesi ndogondogo kwa kufuata mila.

Kwa mgeni, mwenyeji ndiye ulinzi. Aliyefikishwa kijijini na watu wanaojulikana, akatambulishwa kwa wazee na kwa mchungaji au padri, amewekwa mikononi mwa ukoo mzima. Akidhuriwa, ni ukoo huo uliovunjiwa heshima. Aliyeingia peke yake kwa gari la kukodi hana mtu.

Kiti cha ubunge na mfuko wa wilaya

Tangu uchaguzi wa mwaka 2022 Bunge lina viti 118: wabunge 96 wa wilaya na 22 wa mikoa, na mbunge wa mkoa kwa kawaida ndiye gavana wake. Chini yao kuna serikali za mitaa na kata, lakini fedha hazikai huko. Sheria ya mwaka 2014 iliunda mamlaka ya maendeleo ya kila wilaya, na mwenyekiti wa mamlaka hiyo ni mbunge mwenyewe. Kwa miaka mingi fungu lililotajwa kwa kila wilaya lilikuwa milioni 10 za kina, fedha ya nchi hiyo, kwa mwaka. Barabara ya kijiji, paa la zahanati, karo za wanafunzi, yote yanaweza kupitia mkono wa mtu mmoja.

Basi fikiria wilaya yenye koo kumi na mgombea kutoka karibu kila ukoo. Ukoo wa mshindi unatarajia miaka mitano ya neema, na uliokosa unaogopa miaka mitano ya kusahauliwa. Mpiga kura huandika majina matatu kwa mpangilio wa anavyowapenda wagombea. Utaratibu huo ulianza kutumika katika uchaguzi mkuu wa 2007, na nia yake ilikuwa njema: kumfanya mgombea aombe kura hata nje ya ukoo wake. Umesaidia mahali fulani. Lakini mradi fedha za wilaya zimefungwa kwenye kiti kimoja, ushindani utabaki kuwa wa kufa na kupona, na kwa maoni yangu mzizi wa vurugu za uchaguzi uko hapo kuliko kwenye hiyo inayoitwa asili ya watu wa milimani. Wale ni watu wanaopigania zahanati.

Katika uchaguzi wa 2022, kura zilipopigwa mwezi Julai, watu wapatao 50 waliuawa katika vurugu zilizohusiana nao. Tena hatari haiishi mshindi anapotangazwa. Aliyeshindwa ana siku 40 za kufungua kesi ya kupinga matokeo, na kesi inaweza kuchukua miezi. Juni 2018, karibu mwaka mmoja baada ya uchaguzi, wafuasi wenye hasira ya uamuzi wa mahakama walichoma majengo mjini Mendi na ndege ya abiria iliyokuwa uwanjani. Serikali ikatangaza hali ya hatari mkoani humo. Kwa hiyo msimu wa uchaguzi uuhesabu kuanzia kampeni hadi hukumu ya kesi za mkoa unakokaa, na tarehe ya hukumu uiandike kwenye kalenda yako.

Uchaguzi mkuu ujao ni wa mwaka 2027. Ukiwa nyanda za juu wakati huo, weka akiba ya chakula, dawa na mafuta kabla kampeni hazijapamba moto, na usipange safari za barabarani wiki za kuhesabu kura. Usivae fulana wala kofia ya mgombea, hata ukipewa zawadi na rafiki. Gari la ofisi au la parokia lisiazimwe kubeba mtu yeyote wa kampeni, kwa kuwa likionekana mara moja katika msafara litahesabiwa ni la upande huo. Usipige picha vituo vya kuhesabia kura. Ukiulizwa nani anafaa, jibu kwamba wewe ni mgeni na huna kura, kisha nyamaza kweli.

Dia, kisasi na ajali ya barabarani

Vita vya koo katika mikoa ya Enga, Hela na Southern Highlands vina sababu nyingi: shamba, nguruwe, mwanamke, kifo cha zamani, uchaguzi. Zamani vilipiganwa kwa mishale na mikuki na vilikuwa na mipaka yake. Bunduki za kisasa zimevunja mipaka hiyo. Tarehe 18 Februari 2024, karibu na Wapenamanda mkoani Enga, karibu watu 50 waliuawa katika shambulio la kuvizia lililogeuka mapigano, na wengi wao walikuwa wapiganaji wa koo zilizokuwa kwenye ugomvi wa muda mrefu.

Vita vya namna hiyo kwa kawaida havimlengi mgeni. Humkuta kwa sababu ya njia anayopita na watu aliowapakia. Dereva wako ana ukoo. Ukoo wake ukiwa na deni la damu na watu wa bonde linalofuata, gari zima lina deni hilo. Muulize kwa upole na faraghani kama kuna mahali asipopaswa kupita, na akikuambia leo tusiende, usimlazimishe kwa sababu ya ratiba ya ofisi.

Amani hurudishwa kwa fidia, yaani dia: nguruwe, fedha, hotuba ndefu mbele ya pande zote. Malipo hayo ni kazi nzito ya kisiasa, na mara nyingi huhusisha viongozi wa makanisa kama wapatanishi. Kipindi cha wasiwasi ni kile ambapo dia imeahidiwa na haijakamilika. Uliza kama kuna malipo ya namna hiyo katika eneo lako.

Ajali nayo inaingia humo humo. Ukimgonga mtu au hata nguruwe, umati hukusanyika haraka, na ndugu wanaweza kudai fidia au kisasi hapo hapo, kwa dereva au kwa yeyote aliye garini. Ushauri unaotolewa kwa wageni ni kwenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, kutoa taarifa na kuomba majeruhi apelekewe msaada. Mtu mwenye huruma hupata uchungu kuondoka, nami nauelewa uchungu huo. Ndiyo sababu ni bora zaidi kutoendesha mwenyewe barabara za nyanda za juu, na kutosafiri baada ya jua kutua.

Ardhi ni ya watu

Takriban asilimia 97 ya ardhi ya nchi hii ni ya kimila. Ina wenyewe, na wenyewe wanajua kila mti. Serikali au kampuni ikichelewa kulipa walichodai, wanaweza kufunga barabara, shule au uwanja wa ndege hadi waheshimiwe. Ukikuta gogo limelazwa barabarani na watu wamekaa kando, usipite kwa nguvu. Zima injini, ashuke dereva wa mahali, asikilize.

Hata nazi iliyoanguka ina mwenyewe. Mchanga wa kujengea choo cha zahanati una mwenyewe. Kila mradi uanze kwa kikao cha wenye ardhi wote, si mmoja aliyejitokeza na kusema yeye ndiye msemaji, kwani malipo kwa mtu asiye mwenyewe yamezaa ugomvi mwingi.

Mjini

Port Moresby na Lae zina hatari za miji mikubwa, zikiwa zimezidishwa na ukosefu wa ajira. Daladala za huko zinaitwa PMV. Zipande mchana, na mtu wa mahali akuelekeze ipi. Jua hutua mapema kama kwetu, na saa zao ziko mbele ya za Afrika Mashariki kwa saba: Dar es Salaam au Nairobi ikiwa saa sita mchana, Port Moresby ni saa moja usiku. Waeleze ndugu zako ili wasikutake utoke nje kutafuta mtandao giza limeingia.

Tarehe 10 Januari 2024 ilionyesha jinsi utulivu wa jiji unavyoshikiliwa na uzi mwembamba. Askari na watumishi wengine wa umma waliona mishahara yao imepungua, serikali ikaeleza kuwa ni hitilafu ya mfumo wa malipo, askari wakagoma. Kwa saa chache maduka ya Port Moresby yakaporwa na kuchomwa, na vurugu zikafika Lae. Watu zaidi ya 20 walikufa, na hali ya hatari ya siku 14 ikatangazwa. Tangu hapo mkaaji yeyote makini husikiliza habari za mishahara ya polisi kama anavyosikiliza habari za mvua. Ukisikia askari wameitisha kikao cha malalamiko, nunua mahitaji yako mapema, rudi nyumbani, ubaki ndani.

Wanawake wana mzigo wa ziada. Katika Bunge lililochaguliwa 2017 hawakuwa na hata kiti kimoja. Mwaka 2022 walipata viwili. Ukatili wa majumbani ni mkubwa, ingawa sheria ya kulinda familia ilipitishwa mwaka 2013 na mahakama zinaweza kutoa amri ya kumzuia mtesaji. Hospitali nyingi za mikoa zina vituo vya kuhudumia waathirika. Simu ya ushauri ya bure ni 7150 8000. Ya gari la wagonjwa la St John ni 111. Jijini Port Moresby yalianzishwa mwaka 2014 mabasi ya wanawake na watoto tu, yaitwayo Meri Seif. Uliza kama yanapita njia yako.

Tuhuma za uchawi

Msomaji wa Shinyanga, Kilifi au Kisii hahitaji kuelezwa tuhuma za uchawi zinavyoua. Bibi vizee wa Usukumani waliuawa kwa wekundu wa macho, ambao moshi wa kuni uliuleta. Papua Guinea Mpya jambo hilo huitwa sanguma, na anayeteswa mara nyingi ni mwanamke asiye na ndugu wenye nguvu. Baada ya mwanamke kijana kuchomwa hadharani mjini Mount Hagen Februari 2013, Bunge lilifuta sheria ya uchawi ya 1971, iliyokuwa ikiwapa wauaji kisingizio cha kupunguziwa adhabu. Mwaka 2022 likafanya kuwa kosa la jinai kazi ya wapiga ramli wanaowataja wachawi.

Tuhuma huanza msibani, saa za mwanzo, mtu anapokufa ghafla na hakuna anayejua kwa nini. Hapo muuguzi au daktari mgeni ana nafasi kubwa kuliko anavyodhani. Waeleze ndugu sababu ya kifo mapema, kwa lugha wanayoielewa, mbele ya wazee, na urudie. Ukisikia jina la mtu linanong'onwa, mpelekee habari mchungaji, padri au sista anayeheshimiwa pale, na polisi, kabla usiku haujaingia. Usiende peke yako kumtoa mtuhumiwa.

Bougainville

Kisiwa hiki cha Papua Guinea Mpya kilipigana vita na serikali kuanzia 1988 hadi 1998, chanzo kikiwa mgodi wa shaba wa Panguna. Mkataba wa amani ukatiwa saini 2001. Katika kura ya maoni ya mwaka 2019 karibu asilimia 98 walichagua uhuru, na viongozi wake wametaja tarehe 1 Septemba 2027 kuwa ndiyo siku wanayoilenga; kura hiyo haikuwa ya kuifunga serikali, na Bunge la Port Moresby ndilo lenye kauli ya kisheria. Mwaka huo huo wa 2027 nchi nzima inapiga kura. Mwenye mkataba wa kazi unaovuka 2027 adai uandikwe waziwazi nani atalipia ndege ya kumtoa yeye na familia yake, watasubiria wapi, na nani mwenye mamlaka ya kusema ondokeni.