KULEA PAMOJA WATOTO WA MBWA WA AINA MBALIMBALI

Mtu apatapo watoto wa mbwa wawili au watatu kwa wakati mmoja, na kila mmoja ni wa aina yake, mara nyingi huwalisha chakula kimoja, huwalaza mahali pamoja na kuwafundisha kwa njia moja. Hudhani kwamba kufanya hivyo ndiyo haki. Baada ya mwaka mmoja hushangaa kuona kwamba mmoja amekuwa mlinzi mwema, wa pili anawakimbia hata watu wa nyumbani, na wa tatu amemwuma mtoto wa jirani. Hapo husema kwamba wale wawili walikuwa wabaya tangu kuzaliwa, naye huwafunga mnyororo au huwafukuza wakatangetange njiani.

Jambo hili limechunguzwa kwa uangalifu mwingi huko Marekani, na maarifa yaliyopatikana yamfaa kila mwenye mbwa, akaaye mjini na akaaye shambani.

Uchunguzi wa Bar Harbor

Katika mji mdogo wa Bar Harbor, jimbo la Maine, kuna Maabara ya Jackson, iliyoanzishwa mwaka 1929. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wataalamu wawili wa maabara hiyo, Bwana John Paul Scott na Bwana John Fuller, walianza kulea watoto wa mbwa wa aina tano. Kazi yao ilichukua miaka mingi, na mwaka 1965 walitoa kitabu kikubwa chenye habari zake.

Aina hizo tano zilikuwa hizi: Basenji, mbwa wa uwindaji atokaye Kongo, ambaye habweki kama mbwa wengine, Beagle, awindaye sungura kwa kunusa, Cocker Spaniel, afukuzaye ndege vichakani, Shetland Sheepdog, wa jamii ya mbwa wachungao kondoo, na Fox Terrier mwenye manyoya magumu, ambaye kazi yake ya zamani ilikuwa kuwatoa mbweha mashimoni. Wote walitunzwa kwa njia moja, na kila mmoja alipewa mitihani ile ile alipofikia umri ule ule. Kwa kuwa malezi yalikuwa sawa, tofauti kubwa zilizoonekana kati ya aina na aina zilitokana na asili yao.

Tofauti zilionekana mapema. Watoto wa Basenji wenye umri wa majuma 5 walimwogopa sana mtu. Walimkimbia, na waliposhikwa walilia na kutaka kuuma. Lakini waliposhikwashikwa kwa upole siku baada ya siku, hofu ile ilipungua upesi. Watoto wa Cocker walikuwa watulivu, hata walipowekwa juu ya mizani wakakaa kimya. Walipofundishwa kutembea kwa kamba, kila aina ilikuwa na udhia wake: Basenji walipigana na kamba na kuiuma, Beagle walipiga kelele, na Shetland Sheepdog walimrukia mwalimu na kumzingira miguuni. Fox Terrier walikuwa wagomvi kupita wote. Mara nyingi ndugu wa tumbo moja waliungana wakamshambulia mwenzao mmoja, hata ikabidi watengwe.

Tena haikuonekana aina moja iliyozishinda nyingine katika kila jambo. Iliyofanya vizuri katika mtihani mmoja ilishindwa katika mwingine. Na hata katika aina moja, mbwa mmoja hakuwa sawa na mwenziwe.

Malezi mamoja, matokeo mbalimbali

Mtaalamu mwingine, Bwana Daniel Freedman, alitoa mwaka 1958 habari za jaribio lililofanywa papo hapo Bar Harbor. Alichukua watoto wa Basenji, Beagle, Fox Terrier na Shetland Sheepdog. Tangu juma la 3 hata la 8 baadhi yao walidekezwa: waliachwa wacheze watakavyo, wala hawakukemewa. Ndugu zao walilelewa kwa amri: walifundishwa kukaa, kungoja na kufuata. Baada ya hapo kila mmoja aliwekewa nyama chumbani, naye alipotaka kula alipigwa kofi na kukemewa. Kisha mtu yule alitoka, na mbwa akaangaliwa kwa siri, ili ionekane atangoja muda gani kabla ya kula.

Basenji walikula mara mtu alipotoka, wale waliodekezwa na wale waliolelewa kwa amri. Shetland Sheepdog hawakuigusa nyama kabisa, nao pia bila kujali walilelewaje. Lakini kwa Beagle na Fox Terrier malezi yalileta tofauti: waliodekezwa walilishika katazo kwa muda mrefu zaidi kuliko wale waliolelewa kwa amri.

Hapa pana funzo kubwa. Kofi moja lilimvunja moyo mbwa mmoja, wala halikumfundisha mwingine neno lo lote. Kwa hiyo mwenye kulea mbwa wa aina mbalimbali asitumie fimbo moja kwa wote. Mwenye woga aongozwe kwa upole na kipande cha chakula; mkaidi arudiwerudiwe somo fupi kila siku bila hasira; mgomvi aachishwe mchezo na kutengwa mara tu anapoanza kuuma kwa nguvu.

Wakati usiorudi

Wahenga walisema, “Samaki mkunje angali mbichi.” Kwa mbwa, ubichi huo ni wa muda mfupi. Mtoto wa mbwa hufumbua macho apatapo majuma 2 hivi, na masikio yake huanza kusikia karibu na juma la 3. Tangu hapo mpaka majuma 12 au 14 ndipo anapowajua wale atakaowahesabu kuwa wenzake maishani.

Mwaka 1961 Bwana Freedman na wenzake walieleza jinsi walivyowalea watoto wa Cocker na Beagle ndani ya uwanja wenye ua mrefu, wasionane na watu. Baadhi yao walitolewa kwa juma moja tu wakachezewa na watu, kila kundi katika umri wake, kisha wakarudishwa. Wengine hawakutolewa mpaka walipotimiza majuma 14. Hawa wa mwisho walikuwa kama wanyama wa mwitu, na kuwafuga ikawa kazi ngumu mno.

Hatari hii humkabili hasa mtu aleaye watoto kadha wa mbwa pamoja. Kwa kuwa wanacheza wao kwa wao mchana kutwa, yeye huona kwamba hawana haja ya mtu. Basi huzoeana wao kwa wao, wala hawamzoei mwanadamu. Dawa yake ni kumtoa kila mtoto peke yake kila siku, japo kwa dakika 10 au 15. Ashikwe miguu, masikio na mdomo. Aitwe kwa jina lake. Atembezwe kwa kamba. Aonyeshwe wazee, watoto, baiskeli, kuku na mbuzi. Watoto wadogo wa nyumbani wacheze naye mbele ya mtu mzima, wala wasimsumbue alapo au alalapo.

Chakula na mahali pa kulala

Kila mtoto wa mbwa apewe bakuli lake, mbali na wenzake, na mtu asimame hapo mpaka wamalize. Wakila chombo kimoja, mwenye nguvu hushiba na mdogo hukonda. Tena hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mpaka miezi 3 walishwe mara 4 kwa siku. Mpaka miezi 6, mara 3. Baadaye mara 2 yatosha.

Mbwa wa aina ndogo humaliza kukua karibu na mwaka mmoja, lakini mkubwa kama German Shepherd huendelea hata miezi 18. Huyu mkubwa asinoneshwe upesi, wala asiongezewe chokaa ya mifupa kwa kudhani kwamba atapata nguvu. Vyote viwili huweza kuiharibu mifupa yake. Mdogo naye hawezi kukaa na njaa kwa muda mrefu. Ugali mtupu haujengi mwili wa mbwa ye yote. Uchanganywe na dagaa, nyama au mayai. Maini na mapafu mabichi ya mifugo yasitupiwe mbwa kamwe, kwani mara nyingi yana malengelenge yenye mbegu za tegu. Mbwa mwenye tegu hiyo huwaambukiza watu uvimbe mkubwa wa tumboni, ugonjwa ambao umewatesa sana watu wa Turkana.

Usiku mwenye mwili mdogo asilale pamoja na mkubwa mwenye mchezo wa nguvu. Hata bila nia mbaya, mkubwa aweza kumvunja mwenziwe mguu.

Magonjwa

Watoto wa mbwa watokao mahali mbalimbali huweza kuletana magonjwa. Mwaka 1895 mbwa wa Basenji walipelekwa Uingereza kutoka Afrika, lakini hawakukaa sana. Walikufa kwa distempa. Ugonjwa huo ungali upo, na tangu mwaka 1978 umeenea duniani ugonjwa mwingine uitwao pavo, ambao huwatapisha na kuwaharisha damu watoto wa mbwa. Vidudu vyake huweza kukaa udongoni kwa miezi mingi. Kwa hiyo mtoto mgeni atengwe majuma 2 kabla ya kuchanganywa na wenzake, na ua uliowahi kuwa na ugonjwa huo usiletewe watoto wasiochanjwa.

Chanjo za distempa na pavo huanza kati ya majuma 6 na 8, na hurudiwa kila baada ya majuma 3 au 4 mpaka mtoto apate majuma 16. Dawa ya minyoo huanza akiwa na majuma 2, kisha kila majuma 2 mpaka atimize majuma 8, na baadaye kila mwezi mpaka miezi 6. Kipimo cha dawa hufuata uzito. Kwa hiyo kila mmoja apimwe, kwa maana kipimo cha mkubwa chaweza kumdhuru mdogo.

Lililo kubwa kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huwaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote huumwa na mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa mtu, ni nadra sana apone. Kenya ilitoa mwaka 2014 mpango wa kuukomesha ugonjwa huu kwa wanadamu ifikapo mwaka 2030, na njia yake kubwa ni kuchanja mbwa angalau 70 katika kila 100. Kila mtoto wa mbwa, wa kienyeji na wa kigeni, achanjwe apatapo miezi 3, na tena kama daktari wa wanyama atakavyoagiza. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile.

Kabla ya kuleta wa pili

Mwenye kutaka mbwa wengi na ajiulize kwanza: Je, anayo nafasi ya kumtenga kila mmoja? Anazo fedha za chanjo za wote? Anao muda wa kumtoa kila mmoja peke yake kila siku? Asipoweza, afadhali aanze na mmoja, amlee mpaka atimize mwaka na kushika adabu, ndipo alete wa pili. Mbwa mmoja aliyelelewa vema hulinda nyumba kuliko watatu waliokua ovyo, na watoto wa jirani hupita mlangoni bila hofu.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na kwa mbwa walio mbalimbali, kila mtoto ana malezi yanayomfaa.