Mpunga na Ndugu Zake wa Mbugani

Mwaka 1857 Burton na Speke walipofika Kaze, ambapo leo ni Tabora, walikuta mpunga umekwisha kulimwa Unyanyembe. Mpunga huo asili yake ni Asia. Wafanyabiashara Waarabu na watu wa pwani waliupandisha bara kwa njia ya misafara, ile ya Bagamoyo hadi Ujiji.

Lakini katika mbuga za nchi yetu kuna mpunga usiopandwa na mtu, yaani mpunga-pori. Ukiwa mchanga ndani ya jaruba, hata mkulima hodari huutambua kwa shida. Ukikomaa, punje zake hupukutika kabla ya mavuno, nawe umeupalilia bure!

Mpunga-pori si wa namna moja. Uko uitwao na wataalamu Oryza longistaminata, wenye mashina yanayotambaa chini ya udongo. Mwingine ni Oryza punctata, ambao kwa kawaida huota kwa mbegu. Upi ni ndugu wa karibu wa mpunga wetu? Kwa macho utadanganyika. Urefu na majani hubadilika kwa mvua na udongo.

Hapo ndipo wataalamu walipoigeukia punje. Ndani yake mna protini, akiba ya kumlisha mche mchanga. Mbolea yaweza kuongeza wingi wake, lakini aina za protini hizo ni za kurithi. Punje husagwa, unga huchanganywa na dawa ya kuyeyusha protini, kisha maji yake hutiwa kwenye kitu laini kama uji ulioganda na kupitishiwa umeme. Wafikirie wapagazi wa Kinyamwezi: mwenye mzigo mwepesi hutangulia, mwenye mzito hubaki nyuma. Protini ndogo nazo hukimbia mbele. Zikitiwa rangi, hutokea mistari. Mimea yenye mistari inayofanana sana huhesabiwa ukoo wa karibu. Siku hizi husomwa DNA yenyewe, nayo ni hakika zaidi.

Jibu ni hili: longistaminata ni ndugu wa karibu, punctata ni wa mbali.

Undugu huo una faida. Longistaminata kutoka Mali ulikutwa na kinga dhidi ya ugonjwa wa bakteria unaokausha majani ya mpunga. Kinga hiyo iliingizwa katika mpunga wa kulimwa kwa kuzalisha mimea hiyo miwili pamoja, na mwaka 1995 wataalamu walitangaza kuipata chembe yake ya urithi, Xa21.

Una hasara pia. Ndugu wa karibu huweza kuchavushana, basi usichague mbegu kando ya mpunga-pori huo. Tena usiukatekate kwa jembe ukauacha shambani, maana kila kipande chenye jicho huchipua. Chimbua shina lote, ulianike juani likauke kabisa. Ule wa punctata ung'oe kabla haujapukutisha.

Maswali: Shambani kwenu mpunga-pori hutoka kwenye shina la chini au kwenye mbegu? Mmejuaje?