Usile mtaji dola inapopanda

Desemba 2024 dola moja ilikuwa inapatikana Dar es Salaam kwa karibu shilingi 2,400. Kufika Mei 2025 ilikuwa inakaribia 2,700, na kabla ya mwaka kwisha ikarudi chini ya 2,500. Mwenye duka Kariakoo anayeagiza mzigo wa dola 8,000 alihitaji shilingi milioni 19.2 mwanzoni, na milioni 21.6 miezi mitano baadaye, kwa bidhaa zilezile kutoka kiwanda kilekile cha Guangzhou. Hiyo milioni 2.4 iliyoongezeka lazima itoke mahali. Kama haikutoka kwa mteja, imetoka kwenye mtaji wako.

Usijaribu kubashiri dola itafika wapi. Benki kuu zenye wachumi waliobobea hukosea, sembuse wewe unayesikiliza minong'ono ya kwenye foleni ya benki. Kilicho mikononi mwako ni namna unavyopanga bei, unavyonunua dola na unavyokopa.

Tuanze na bei, maana hapo ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Desturi ya dukani ni kuangalia ulinunua kwa kiasi gani, ukaongeza faida, ukauza. Shilingi ikitulia, desturi hiyo haina shida. Ikiyumba, inakudanganya. Chukua bidhaa iliyokugharimu dola 5 hadi kufika rafuni, usafiri na kodi zikiwa ndani. Dola ikiwa 2,400, imekugharimu shilingi 12,000. Unaiuza 14,000, unahesabu faida ya 2,000. Wakati mzigo unaendelea kuuzika, dola inapanda hadi 2,700. Bidhaa hiyohiyo ukiiagiza leo itakufikia kwa 13,500. Umeuza vipande 1,000, una milioni 14 mkononi, na mzigo mpya wa vipande 1,000 unataka milioni 13.5. Faida uliyoiandika daftarini ni milioni mbili. Iliyobaki baada ya kujaza duka ni laki tano, na bado hujalipa pango, umeme wala kijana wa dukani. Ukilipa hivyo vyote, mzigo unaofuata utakuwa na vipande 900. Duka linauza vizuri, wateja wamejaa, na linapungua.

Kwa hiyo panga bei kwa gharama ya kuagiza upya, siyo kwa gharama uliyonunulia. Kila Jumatatu angalia bei ya kuuza dola kwenye benki yako, zidisha na gharama ya dola ya bidhaa zako zinazotoka sana, kisha weka faida yako juu yake. Na usisahau forodha: ushuru na VAT hukokotolewa kwenye thamani ya mzigo iliyogeuzwa kuwa shilingi. Asilimia za kodi zinaweza kubaki palepale miaka yote, lakini dola ikipanda unalipa shilingi nyingi zaidi. Mwulize wakala wako wa forodha akupigie hesabu ya mzigo uliopita kwa bei ya dola ya leo. Ni kazi ya dakika chache kwake.

Jirani asipopandisha bei, utafanyaje? Hapa hakuna dawa tamu. Mara nyingi jirani huyo anamalizia mzigo wa zamani, na bei yake itapanda akishaagiza mwingine. Bidhaa ambayo mteja anaijua bei kwa kichwa, ipandishe taratibu. Ile anayoinunua mara moja kwa mwaka, ipandishe yote kwa pamoja.

Kuna walioona njia rahisi ni kumtajia mteja bei kwa dola. Tanzania imefunga njia hiyo: kanuni zilizotangazwa Machi 28, 2025 zinakataza kutangaza bei au kulipia bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Kuwa na akaunti ya dola si kosa. Kumdai mteja wa Sinza dola ndiyo kosa, na mwenye fremu anayekudai pango kwa dola naye yuko humo. Anayeuza kwa makadirio, kama fundi wa madirisha ya alumini au msambazaji wa vifaa vya hoteli, aandike kwenye hati ya bei kwamba bei hiyo ni halali kwa siku 7. Mteja akirudi baada ya mwezi, mnapiga hesabu upya bila ugomvi.

Sasa kununua dola zenyewe. Kwenye ubao wa benki kuna bei mbili, ya kununua na ya kuuza, na zote zinaangaliwa kwa jicho la benki. Wewe unayetaka dola unahusika na ya kuuza. Tuseme wananunua kwa 2,480 na kuuza kwa 2,560. Ukinunua asubuhi na kuzirudisha jioni umepoteza shilingi 80 kwa kila dola, zaidi ya asilimia 3. Wanaoficha dola kabatini kama akiba wanasahau jambo hilo: dola lazima ipande zaidi ya asilimia 3 ndipo warudishe fedha yao tu, na muda wote huo hazizai riba. Dola ni akiba nzuri kwa mtu mwenye matumizi ya dola: mzigo, ada ya mtoto anayesoma nje, matibabu India. Kwa mwingine ni kamari yenye kiingilio.

Ukiwa na mzigo wa kulipia baada ya miezi mitatu, nunua theluthi kila mwezi. Hutapata bei nzuri kuliko zote, lakini hutaipata mbaya kuliko zote pia. Anayelipa China aulize benki kama inatuma yuan moja kwa moja, kwa kuwa zipo zinazofanya hivyo. Shilingi kwenda dola, kisha dola kwenda yuan, ni kukatwa mara mbili. Wenye mizigo mikubwa waulize pia kuhusu mkataba wa kununua dola siku za mbele kwa bei mnayokubaliana leo. Utalipia usalama huo, na benki ina kiwango chake cha chini, lakini utalala ukijua gharama yako.

Kwenye mikopo nitasema kwa ukali: kama unauza kwa shilingi, usikope dola. Riba yake ndogo ndiyo chambo. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa karibu shilingi 113 za Kenya. Januari 2024 ikafika 160. Aliyekopa dola 10,000 alipokea shilingi 1,130,000, na kulipa deni hilohilo lote kungemgharimu milioni 1.6, riba bado.

Kilichotokea Kenya baada ya hapo kinafundisha namna ya kusoma habari za mitaji ya nje. Wawekezaji walikuwa na hofu juu ya deni la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa Juni 2024. Februari serikali ikakopa nje dola bilioni 1.5 nyingine na kununua sehemu kubwa ya deni hilo kabla ya wakati. Mwezi huohuo ikauza hatifungani ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18, ikakusanya shilingi bilioni 240, wageni wakiwemo. Mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 132. Aliyenunua dola kwa 160 kwa sababu ya hofu alipoteza shilingi 28 kwa kila moja katika wiki chache.

Fedha ya wageni wanaonunua hatifungani inafuata riba, na ikiona riba bora kwingine inaondoka kwa kasi ileile. Mtaji wa kiwanda au mgodi ni mwingine: unakaa miaka, unaajiri, unajenga uchumi, lakini unaingia polepole, na sehemu kubwa inaweza kutoka tena kununua mitambo huko huko nje. Ukisikia mradi wa mabilioni ya dola umetiwa saini, usikimbilie kusema dola itashuka wiki ijayo. Misri ilitangaza Februari 2024 mkataba wa Ras el-Hekma na Falme za Kiarabu, dola bilioni 35. Machi 6 benki kuu ikaiachia pauni, na siku hiyohiyo ikaanguka kutoka karibu 31 hadi karibu 50 kwa dola. Bei ya mtaani ilikuwa imeshapita 50 kitambo, na bei rasmi ndiyo iliyokuwa imeshikiliwa.

Dalili ya kuichunga, basi, ni pengo kati ya bei ya ubaoni na bei ambayo kweli unapata dola. Benki ikikuambia bei ni hii lakini dola hakuna, njoo wiki ijayo, chukulia kwamba bei ya kweli iko juu zaidi, na upange bei zako kwa hiyo. Mwekezaji mgeni naye anachunga hapohapo: anauza kwa shilingi na anataka kupeleka gawio kwao kwa dola, kwa hiyo uhakika wa kuzipata unamhusu kuliko shilingi kuwa na nguvu.

Msimu nao una neno lake. Tanzania hupata dola nyingi zaidi nusu ya pili ya mwaka, watalii wanapojaa kuanzia Juni na korosho zinapoanza kuuzwa Oktoba. Masika ndipo zinapoadimika. Si sheria, ila mwenye mzigo wa Machi asingoje Machi kununua dola zake.

Leo kabla ya kufunga duka, chagua bidhaa tatu zinazotoka kuliko zote. Andika kila moja itakugharimu kiasi gani ukiiagiza upya kwa bei ya dola ya leo, na pembeni uandike unaiuza bei gani. Ukikuta mojawapo haibakizi hata pango, badilisha bei yake kesho asubuhi.