Kupima Wingi wa Damu bila Sianidi

Mama mjamzito anapohudhuria kliniki huko Kasulu au Kibondo, miongoni mwa vipimo vyake vya kwanza ni cha wingi wa damu. Katika nyanda hizi malaria imeenea, nayo huharibu chembe nyekundu. Kwa hiyo kipimo hicho hakiachwi. Somo hili lauliza: jibu likishaandikwa, masalia ya kipimo huenda wapi?

Njia ya rejea, iliyokubaliwa kimataifa tangu miaka ya 1960, huchanganya mikrolita 20 za damu na mililita 5 za kitendanishi cha Drabkin, ambacho kina sianidi. Kiasi chake ni kidogo, takriban miligramu 50 za sianidi ya potasiamu kwa lita. Lakini kikichanganyika na tindikali hutoa gesi yenye sumu. Maabara inayopima watu 20 kwa siku hubakiwa na mililita 100 za masalia. Kwa siku 250 za kazi, ni lita 25. Vijito vingi vya wilaya hizi huishia mto Malagarasi, ambao ardhioevu yake iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2000.

Mwaka 2013 wataalamu wa Poland walitoa kanuni 12 za uchunguzi wa kikemia ulio rafiki wa mazingira. Baadhi yake ni hizi: tumia sampuli ndogo, punguza taka, na badili kitendanishi chenye sumu kwa kilicho salama zaidi.

Kwa kipimo chetu mbadala upo. Tangu mwaka 1982 inajulikana kwamba sodiamu laurili salfeti, kemikali iliyomo katika sabuni nyingi, hupima hemoglobini bila sianidi. Vijidudu vya udongoni huiozesha, ingawa nayo haifai kumwagwa mtoni.

Mtaalamu wa maabara azingatie mambo mawili. Kwanza, mashine isanifiwe upya kwa kitendanishi kipya, na majibu yalinganishwe na ya njia ya rejea. Usalama wa mazingira usinunuliwe kwa jibu la uongo. Pili, masalia ya Drabkin yaliyopo yatengwe katika chombo chenye lebo, mbali na tindikali.

Nawe mgonjwa, usihofu kipimo kikibadilishwa. Kikisanifiwa vema, jibu lako ni sahihi vilevile, na maji unayoteka yamepunguziwa hatari.