Msaada wa Jirani: Ni Wajibu wa Nani?

Katika darsa yetu ya wiki iliyopita liliulizwa swali hili: watu husaidiana kwa sababu gani, na huacha kusaidiana kwa sababu gani? Muulizaji ni kijana, na katika kuuliza kwake mlikuwamo lawama, maana sote tuliokuwapo twalijua lililotokea mtaani petu. Tulimwahidi kumjibu kwa maandishi, nasi twatimiza.

Mjane mmoja akaaye peke yake alishikwa na homa kali. Habari ya ugonjwa wake ilienea mtaani tangu siku ya kwanza, lakini alilala siku mbili na masiku mawili pasi na mtu wa kumpa hata maji. Mlango wake uko njiani. Kila mmoja wetu aendaye kusali hupita hapo mara tano akienda na mara tano akirudi. Alipoulizwa jirani wa kulia, alisema alidhani wa kushoto ampelekea uji. Wa kushoto alidhani jamaa zake wameshakuja. Sisi tulidhani akina mama wameshapashana habari, na kwamba jambo hili li mikononi mwao. Hapana aliyesema uwongo katika maneno haya, wala hapana aliyemchukia mama yule. Alhamdulillahi, alipelekwa hospitali akapona.

Jawabu jepesi ni kusema kwamba nyoyo za watu zimekufa. Jawabu hili hutolewa sana juu ya mimbari, na sisi wenyewe tumelitoa. Lakini wenye kuichungua elimu ya nafsi wamelitia katika mizani, wakaliona pungufu.

Usiku wa manane, tarehe 13 Machi 1964, mwanamke aitwaye Kitty Genovese alichomwa kisu karibu na nyumba yake katika mji wa New York, akafa. Gazeti la The New York Times liliandika kwamba watu 38 walishuhudia wasifanye lolote, na habari hiyo ikazagaa ulimwenguni. Baadaye ilidhihirika kuwa imetiwa chumvi, na mwaka 2016 gazeti hilo lenyewe lilikiri kasoro zake. Wengi walisikia ukelele tu, na jirani mmoja, naye mwanamke, alishuka akampakata yule majeruhi. Basi na tujihadhari na kuhukumu mji mzima kwa habari ya gazeti.

Lakini habari ile, pamoja na kasoro zake, iliwatia wataalamu wawili, John Darley na Bibb Latané, hamu ya kuhakikisha. Katika jaribio walilolitangaza mwaka 1968, kila mwanafunzi aliketi chumbani peke yake akizungumza na wenzake kwa chombo cha sauti, asiwaone. Katikati ya mazungumzo, sauti ya mmoja ikaanza kukatika kama ya mtu aliyepatwa na kifafa, ikaomba msaada. Wale walioamini kwamba hapana mwengine aisikiaye ila wao, 85 katika kila 100 walitoka kwenda kutoa habari kabla sauti ile haijanyamaza. Walioamini kwamba yuko msikilizaji mmoja mwengine, walikuwa 62 katika 100. Walioamini kwamba wako wanne wengine walikuwa 31 tu.

Na tuzingatie hali ya wale wasiotoka. Mtafiti alipowaingilia chumbani, wengi wao walikuwa wakitetemeka mikono na kutoka jasho viganjani, wakamwuliza: je, yule mtu yu salama? Hawa si watu wenye nyoyo za mawe. Walikuwa na huruma, lakini wajibu uligawanywa baina ya watu wengi, na fungu la kila mmoja likawa dogo hata asilihisi.

Hapa ndipo tulipokumbuka mlango mmoja wa fiqhi tunaousomesha kila mwaka. Wanazuoni wametufundisha kwamba kuna fardhi aini, iliyo juu ya shingo ya kila mtu, na kuna fardhi kifaya, ambayo wakiitenda baadhi ya watu huwaondokea waliobaki. Nusu hii ya kanuni kila mtu aijua, na huipenda, kwa kuwa ina raha ndani yake. Nusu ya pili ni kwamba wakiiacha wote, basi kila aliyejua na akaweza ana dhambi. Wala hawakuishia hapo. Walisema kuwa asipokuwapo awezaye ila mtu mmoja, fardhi kifaya humgeukia yule mmoja ikawa fardhi aini. Wale 85 katika kila 100 wa jaribio lile walijiona kuwa ndio yule mmoja. Mtaani petu hapana aliyejiona hivyo.

Huenda msomaji akauliza: mbona mazishi yetu hayapati kasoro? Nayo ni fardhi kifaya! Kwa hakika, akifa mtu baina ya adhuhuri na alasiri, mara jeneza lishafika, kaburi linachimbwa na sanda inakatwa. Lakini tazama vizuri. Mwoshaji ajulikana kwa jina, mchimbaji ajulikana, na mwenye ufunguo wa chumba cha jeneza ajulikana. Lau mjane yule angalikufa, mambo yake yote yangalikwisha kwa saa tatu. Kwa kuwa alikuwa hai, hakuwa na mwenyewe.

Jambo la pili ni haraka, na hili latuhusu sisi tuvaao vilemba kuliko wengine. Mwaka 1973 Darley na mwenzake Daniel Batson walitangaza jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 40 wa chuo cha dini ya Kikristo huko Princeton, Marekani. Kila mmoja alitumwa jengo la pili akatoe hotuba, na njiani aliwekwa mtu aliyejikunyata akikohoa na kuguna. Baadhi yao hotuba yao ilikuwa juu ya kile kisa cha Injili cha Msamaria aliyemhudumia majeruhi njiani baada ya watu wa dini kumpita. Ungedhani hao wangesimama zaidi. La, maudhui ya hotuba hayakuleta tofauti ya kutegemewa. Tofauti ilikuwa katika saa. Wasio na haraka walisaidia 63 katika 100, wenye haraka ya kiasi 45, na walioambiwa wamechelewa 10 tu. Wako waliomruka yule mtu wakaenda zao kuhutubu habari za huruma. Tuliposoma haya hatukucheka, maana siku ya pili ya homa ya yule mama tuliupita mlango wake tukiwa na kitabu kwapani, tukikimbilia darsa ya haki za jirani.

Tusije tukafahamika kuwa wingi wa watu ni balaa daima. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya watafiti waliotazama picha za kamera za barabarani katika Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Katika ugomvi 219, kiasi cha mara 9 katika kila 10 alipatikana angaa mtu mmoja wa kuingilia kati, na watu walipozidi, ndivyo msaada ulivyozidi kutarajiwa. Twaona sababu yake ni kwamba barabarani watu huonana. Wanafunzi wa mwaka 1968 walifungiwa kila mmoja chumbani mwake, asijue mwenzake afanyani. Nasi mtaani tulikuwa hivyo hivyo, kila mtu na dhana yake, ingawa twasimama safu moja bega kwa bega.

Basi tumeafikiana katika darsa kwamba akiugua mtu aishiye peke yake, isitangazwe tena kuwa "ndugu zetu mwangalieni." Atatajwa mtu kwa jina lake, na siku yake, mbele ya wote. Tulipomzuru yule mama kumwarifu haya, alitwambia kwamba katika siku zile mbili alikuwa akivisikia viatu vyetu, na vya kila mmoja akivijua. Zamu yake imeshaandikwa, na Jumamosi ni yetu sisi.