Jinsi ya Kupima Bakteria Sugu katika Maji ya Mto

Mto Msimbazi hutoka vilima vya Pugu, hupita Vingunguti na Jangwani, kisha humwaga maji baharini Salenda. Njiani hupokea majitaka, na kando yake watu hulima mchicha. Ukiwa mwanafunzi au mtaalamu wa maabara unayetaka kujua usugu umefika wapi katika mto wa namna hiyo, fuata njia hii, inayokaribiana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021. Inamwangalia bakteria mmoja wa kinyesi, E. coli, mbele ya dawa moja, sefotaksimu. Hiyo ni ndugu ya seftriaksoni, sindano inayotegemewa wodini. Ikishindwa, mgonjwa mahututi hubakiwa na dawa chache, tena ghali.

Chagua vituo. Chukua maji juu ya mji, kabla uchafu haujaingia, na chini yake pia. Wengi hukimbilia penye harufu tu. Bila maji ya juu huna cha kulinganisha nacho, na kazi yote inapungua thamani.

Chota. Vaa glavu na buti. Simama ukielekea mkondo unakotoka. Shika chupa iliyotakaswa kwenye kitako, izamishe mdomo ukiwa chini kama sentimita 30, kisha uelekeze mdomo kwenye mkondo. Usitibue tope: limejaa bakteria, litakupandishia hesabu. Acha nafasi ya hewa, andika mahali na saa, weka kwenye barafu, ufike maabara ndani ya saa 6.

Otesha. Zimua maji mara kumi kumi kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa. Yapitishe kwenye chujio la mikromita 0.45, ulaze chujio juu ya agari ya TBX. Kila sampuli iwe na sahani mbili: moja bila dawa, nyingine yenye sefotaksimu miligramu 4 kwa lita. Saa 4 kwa nyuzi 37, kisha nyuzi 44 hadi kesho yake. E. coli huota rangi ya buluu-kijani.

Otesha pia E. coli ATCC 25922, ambaye si sugu. Akiota penye dawa, dawa yako imeharibika. Tupa matokeo ya siku hiyo, hata kama yanapendeza.

Hesabu. Gawanya idadi ya penye dawa kwa idadi ya pasipo dawa. Mvua ikisomba vyoo, namba zote hupanda. Uwiano ndio wa kuangalia.

Thibitisha. Pima makoloni machache kwa vidonge vya karatasi vyenye dawa, uangalie duara tupu linalobaki kuzunguka kila kidonge. Duara la sefotaksimu iliyochanganywa na klavulanati likizidi la sefotaksimu pekee kwa milimita 5 au zaidi, bakteria huyo anatengeneza kimeng'enya cha kuvunja dawa. Mara nyingi jeni lake hukaa kwenye plasmidi, inayoweza kupita kwa bakteria mwingine humohumo majini.

Teketeza. Sahani zote ziingie otoklevu, nyuzi 121, kabla ya kutupwa. Kamwe usimwage chochote kwenye sinki.

Majibu mpelekee afisa afya wa kata, na wakulima uwaeleze ana kwa ana: kuchemsha humuua bakteria sugu sawa na asiye sugu. Mchicha ulioiva hauna hatari hiyo. Hatari ni majani yanayoliwa mabichi, na ubao yalipokatiwa.